Mashini za kupima mu depo na mu shamba: tuchague mfumo gani wa kuziendesha?



Siku hizi wachuuzi wanafika kwetu Kabongo na vidude vipya. Kimoja kinapima joto na unyevu wa hewa mu depo. Kingine kinachomekwa mu udongo kusema kama shamba limekauka. Kingine kinahesabu mvua. Vingine vinatuma hesabu zao ku simu ya katibu, kwa SMS ao kwa intaneti. Kooperative zinatuuliza: tununue ao tuache? Na kama tunanunua, tuchukue ipi?

Watu wengi wanaangalia bei, kioo na maneno ya mchuuzi. Sisi wa timu ya kilimo tunaomba muangalie pia kitu kisichoonekana: mfumo unaoendesha ile mashini kwa ndani. Wengine wanauita mfumo endeshi, wengine sisteme. Mzee mmoja wa kooperative alitujibu vizuri: «Bwana Monita, shiye tunajua mahindi, hatujue mambo ya ordinatere.» Ni kweli. Lakini njo makuta ya hisa zenu yatakayolipa, na njo mahindi yenu yatakayooza kama mashini imesema uongo. Basi tujifunze pamoja, polepole. Hakuna jambo hapa linalomshinda mtu anayeweza kuendesha kooperative.

Juu ya nini jambo hili linatuhusu

Mahindi ya msimu wa kwanza tunayavuna wakati mvua ingali inanyesha. Tunajua sheria: punje iingie mu mfuko ikiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi, isizidi 13 na nusu. Karanga zinataka kukauka zaidi, asilimia 7 ao 8. Kama hewa iliyo katikati ya mifuko inapita asilimia 70 ya unyevu kwa siku nyingi, ukungu unaanza. Ukungu mmoja, Aspergillus, unatoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo huwezi kuiona kwa macho, na kupika hakuiondoi.

Hii si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka wa 2004, mashariki ya Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, na 125 walikufa. Mahindi hayo yalihifadhiwa yakiwa na unyevu. Familia zilikula chakula zilichovuna zenyewe.

Kwa hiyo kidude cha kupima unyevu mu depo kina kazi kubwa. Kikifanya kazi vizuri, mtunza depo anajua siku ya kufungua madirisha na siku ya kutoa mifuko ku jua. Kikifa na watu wakajua, ataendelea kuangalia kwa mkono na kwa pua kama zamani. Hatari kubwa ni kile kinachokufa kimya, kioo kikibaki na hesabu ya wiki iliyopita. Mtunza depo anasoma 62, anaenda nyumbani kulala, kumbe ndani ni 80. Mara nyingi kosa la namna hiyo halitoki ku kipimo chenyewe, linatoka ku mfumo unaokiendesha: umekwama na hakuna aliyeuambia uanze upya.

Mfumo endeshi ni nini?

Fikirieni depo ya kooperative siku ya mavuno. Mmoja anapima mizani, mmoja anaandika daftari, wengine wanabeba, na wateja wako ku mlango. Kama hakuna mtunza depo wa kupanga nani anaanza na nani anangoja, mizani inagombaniwa na daftari inapotea. Mfumo endeshi ni huyo mtunza depo, ila yeye anakaa ndani ya mashini. Anagawa wakati, kumbukumbu na umeme. Anasema: sasa pima unyevu, sasa andika, sasa tuma ujumbe, sasa lala.

Depo ndogo ya mtu mmoja haina lazima ya mtunza depo. Depo kubwa sana inataka ofisi nzima yenye makarani. Mu mashini ni vivyo hivyo, na mara nyingi kosa la kununua linatoka hapo: ofisi nzima inawekwa ku kazi ya mtu mmoja, ao mtu mmoja anapewa kazi ya ofisi nzima.

Familia nne

Familia ya kwanza haina mfumo endeshi hata kidogo. Programu ni moja tu, inazunguka kama punda wa kinu: pima, onyesha, ngoja, pima tena. Kadi ya Arduino Uno, ambayo wanafunzi wengi wanaijua, mara nyingi inatumiwa hivyo. Ina kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 2 tu, na nafasi ya programu ya kilobaiti 32. Simu yako ndogo kabisa inaipita mara nyingi sana. Lakini kwa kupima joto na kuonyesha ku kioo, inatosha. Haina mengi ya kuharibika, na ukikata umeme na kuurudisha, inaanza tena mara moja. Shida inakuja ukiongeza kazi. Wakati inangoja mtandao ijibu, haipimi. Wakati inapima, haisikilizi simu.

Familia ya pili ni mifumo midogo ya wakati halisi. Hapa mtunza depo yupo, lakini ni mmoja, mwepesi, na anaheshimu saa. Kazi iliyoambiwa ifanyike kila sekunde 10 inafanyika kila sekunde 10, hata kama nyingine ingali inangoja mtandao. Unaojulikana sana ni FreeRTOS. Ulianzishwa na Mwingereza Richard Barry mwaka wa 2003. Tangu 2017 unatunzwa na kampuni ya Amazon, na ruhusa yake ni huru: mtu yeyote anaweza kuutumia na kuubadilisha bila kulipa. Njo unaopatikana ndani ya programu za msingi za chipu ya ESP32, inayotoka China tangu 2016, na ambayo iko mu vidude vingi vya bei nafuu. Mwingine ni Zephyr, ulioanza 2016 chini ya Linux Foundation. Mwingine tena ni RIOT, kazi ya vyuo vya Berlin na Hamburg pamoja na taasisi ya INRIA ya Ufaransa. Huo unaweza kuishi mu kumbukumbu ya kilobaiti chache tu. Yote mitatu iko wazi: maandishi yake yanasomwa na yeyote.

Familia ya tatu ni Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991. Hii ni ofisi nzima: makarani, kabati, mlinzi wa mlango. Inaendesha kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa 2012, na ruta nyingi za intaneti. Linux inaweza kukusanya hesabu za vipimo 20, kuziweka mu daftari moja kubwa, kuchora picha na kusaidia watu wengi kwa mara moja. Lakini inakula umeme, na haipendi kukatwa umeme ghafula. Raspberry Pi mara nyingi inaandika ku kadi ndogo ya kumbukumbu kama ile ya simu. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika, na kesho yake mashini haiamki.

Familia ya nne tuko nayo tayari mu mfuko: simu. Nyingi ni Android, ambayo ndani yake kuna Linux. Nyingine ni simu za batani. Watu wanasahau kwamba simu ni kifaa chenye betri, kioo, mtandao na fundi ku kila soko. Kwa kazi ya kusoma na kuandika hesabu, mara nyingi hakuna haja ya kununua kitu kingine.

Hesabu ya umeme

Kabongo hatuna umeme wa waya wa kutegemea. Tuna paneli za jua na betri, na mu miezi ya mvua jua linajificha siku nyingi. Basi tupige hesabu kabla ya kununua.

Tuseme kompyuta ndogo ya Linux inakula wati 3 mchana na usiku. Kwa saa 24 ni watisaa 72. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 inabeba watisaa 600, lakini tukitaka iishi muda mrefu, tusitumie zaidi ya nusu, yaani 300. Gawanya 300 kwa 72: siku 4 na kidogo bila jua. Na hapo hatujachaji simu ya mtu, wala kuwasha taa ya ofisi.

Sasa kidude kidogo cha familia ya pili. Tuseme kinaamka kila nusu saa, kinafanya kazi sekunde 10 kwa nusu wati, halafu kinalala. Kuamka mara 48 ni sekunde 480, yaani dakika 8 kwa siku. Hiyo inakula karibu watisaa 0.07. Wakati wa kulala, kadi ya bei nafuu inaweza kuvuja miliampea moja, na kwa siku ni watisaa 0.09 hivi. Jumla 0.16. Betri moja ndogo ya lithiamu ya miliampea-saa 2,000 ina watisaa 7.4. Gawanya: siku 46. Ni zaidi ya mwezi mmoja bila jua hata kidogo, kwa betri inayoshikwa kwa vidole viwili.

Siri yake ni kulala. Mfumo mzuri wa kidude cha shamba ni ule unaojua kulala vizuri na kuamka kwa saa yake. Mchuuzi akisema «mashini yetu inafanya kazi saa zote bila kupumzika», msifurahi haraka. Muulizeni inakula nini.

Mtandao unaokatika

Vodacom, Airtel na Orange ziko mu nchi, lakini kila mmoja wetu anajua kilima cha kupanda ili simu ipate mtandao. Kuna vijiji ambako unapatikana asubuhi tu, na vingine ambako haupo kabisa. Mashini nyingi zimetengenezwa na watu wanaoishi mahali intaneti haikatiki. Kule, kidude kikipima kinatuma mara moja mbali, ku kompyuta ya kampuni, na hakibakishi kitu. Hapa kwetu kidude cha namna hiyo kinapoteza hesabu kila siku.

Tunataka mfumo unaofanya mambo matatu. Kwanza, uandike kila kipimo ndani ya kumbukumbu yake pamoja na tarehe na saa. Pili, mtandao ukirudi, utume yote yaliyobaki kwa mpangilio. Tatu, mtandao usiporudi mwezi mzima, katibu aweze kufika na simu ao waya na kusoma hesabu pale pale. Saa nayo ni muhimu: kidude kisicho na saa ndogo yenye betri yake kinarudi ku mwaka wa kiwandani kila umeme ukikatika, na daftari nzima inavurugika.

Kwa mashamba yaliyo mbali na mtandao wa simu kuna njia ya redio inayoitwa LoRa. Inatuma maneno machache kwa umeme kidogo sana, na mahali pa wazi inafika kilomita kadhaa. Mifumo midogo tuliyotaja inaweza kuitumia. Lakini redio ni redio: kabla ya kuwasha, mleta mashini aonyeshe kwamba masafa yake yanakubaliwa na ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu.

Mfano mzuri wa Afrika ni mradi wa TAHMO, ulioanzishwa na watafiti wa Delft Uholanzi na wa Oregon State Marekani. Unaweka vituo vya hali ya hewa mu nchi nyingi za Afrika, na vingi viko ku shule. Kituo hakina sehemu inayozunguka, kwa hiyo hakuna kitu cha kukwama kwa vumbi ao kwa wadudu. Kinaishi kwa jua, kinahifadhi hesabu zake na kuzituma kwa mtandao wa simu. Na kipo mahali penye watu wa kukilinda, na wanafunzi wanajifunza kwacho. Somo kwetu: chagua mashini isiyo na mengi ya kuharibika, na uiweke mahali penye mwenyewe.

Nani atabaki mradi ukiisha?

Hili njo swali kubwa, na tunaliandika sisi tunaofanya kazi mu miradi. Mradi una mwaka wa kuanza na mwaka wa kwisha. Kooperative haina mwaka wa kwisha. Mama mmoja mtunza hazina alisema mbele ya mkutano: «Ile mutu akirudia kwao, mashini itabakia na nani?» Hakuna fundi anayeweza kuuliza swali lililo sawa kuliko hilo.

Mfumo endeshi nao unaweza kufa, hata wa kampuni tajiri. Mwaka wa 2016 Google ilitangaza Android Things, mfumo wa vidude vya nyumbani na vya viwanda. Mwaka wa 2019 ikapunguza mpango wake, na Januari 2022 ikazima huduma zake zote. Mwaka wa 2024 kampuni ya Arm ya Uingereza ilitangaza kwamba mfumo wake Mbed utafika mwisho Julai 2026. Watu walikuwa wamejenga bidhaa zao juu ya mifumo hiyo.

Mfano wa karibu zaidi ni simu. Mwaka wa 2019 Orange ilileta Sanza, simu ya batani ya karibu dola 20, yenye mfumo wa KaiOS. Watu wa Afrika waliweza kupata WhatsApp ku simu ya bei ndogo. Mwaka wa 2024 WhatsApp ikatangaza kwamba inaachana na KaiOS. Simu ilibaki nzima, batani zikafanya kazi, lakini huduma ambayo wengi waliinunulia ilikuwa inaondoka. Mwenye simu hakuulizwa.

Kwa hiyo tusitegemee jina kubwa peke yake. Tuangalie kama maandishi ya mfumo yako wazi, na kama watu wengi wa nchi nyingi wanaufanyia kazi. Mfumo ulio wazi hauna mwenyewe mmoja wa kuzima taa. FreeRTOS, Zephyr, RIOT na Linux zina sifa hiyo. Lakini sikilizeni vizuri: mfumo ukiwa wazi haimaanishi kwamba mashini nzima iko wazi. Mchuuzi anaweza kuchukua FreeRTOS ya bure, akaweka juu yake programu yake iliyofungwa, inayotuma hesabu zenu ku kompyuta yake tu, kwa kulipa kila mwezi. Siku asipolipwa, ao siku akifunga duka, mashini inakuwa jiwe. Ulizeni juu ya vyote viwili.

Kutengeneza kutoka mbali, na kufunga mlango

Tarehe 4 Julai 1997, mashini ya Marekani iitwayo Pathfinder ilitua ku sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe. Wahandisi walitafuta ku mashini ya mfano iliyobaki duniani, wakapata sababu: kazi ndogo, ile ya hesabu za hali ya hewa, ilikuwa inashika ufunguo ambao kazi kubwa iliuhitaji, na kazi za katikati zinaikatiza kabla haijauachia. Mlinzi wa mashini, akiona kazi kubwa imechelewa, anaanzisha yote upya. Mfumo wake endeshi, VxWorks, uliruhusu kubadilisha kitu kidogo kutoka duniani. Walituma badiliko, na shida ikaisha.

Tunachukua mambo mawili hapo. Moja, kila mashini ya kuaminiwa iwe na mlinzi wa ndani, saa ndogo inayoianzisha upya ikikwama. Mlinzi huyo njo dawa ya kile kioo kilichobaki na hesabu ya wiki iliyopita. Mbili, mfumo uwe na njia ya kurekebishwa, kwa mtandao ao kwa waya. Kutoka Lubumbashi mpaka Kabongo si mbali kama Mirihi, lakini fundi akiambiwa aje mu miezi ya mvua, safari inaanza kufanana.

Lakini mlango wa kurekebisha ni mlango pia wa mwizi. Mwaka wa 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliingia mu kamera na ruta nyingi sana duniani, vifaa vya Linux ambavyo wenyewe hawakubadilisha neno la siri la kiwandani. Programu hiyo ilijaribu orodha ya maneno 60 hivi tu, na ilitosha. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ilitumiwa kuangusha huduma kubwa za intaneti kwa saa nyingi. Kifaa kikifika, jambo la kwanza ni kubadilisha neno la siri na kuliandika mu daftari inayofungwa pamoja na sanduku la makuta.

Ushauri wetu kwa kazi za kwetu

Kusoma joto na unyevu ku kioo mu depo moja: chukueni kidude rahisi kisicho na mfumo endeshi. Mtunza depo anaandika hesabu asubuhi na jioni. Hakihitaji intaneti.

Kupima na kutuma kutoka shamba ao depo ya mbali: familia ya pili, mfumo mdogo wa wakati halisi. Kilale, kiamke, kihifadhi, kitume kwa SMS ao LoRa. Kwa upande wetu tunaona chipu zinazoendeshwa na FreeRTOS zina faida moja ya ziada: zinapatikana kwa bei ndogo, na vijana wanaosoma elektroniki wanazijua.

Kukusanya hesabu za depo nyingi ku ofisi ya muungano: hapo Linux inafaa, kwa sharti la betri ya kutosha, kifaa cha kuizima kwa utaratibu betri ikishuka, na nakala ya kadi ya kumbukumbu iliyofungwa mu kabati. Kama ofisi haina umeme wa uhakika, acheni kwanza.

Kuona hesabu na kuzijulisha kwa wanachama: simu mliyo nayo. Hakikisheni tu kwamba mashini inatuma pia SMS ya kawaida, ambayo kila simu inaisoma, hata ile ya batani.

Maswali nane ya kumuuliza mchuuzi

Kabla ya kusaini, kamati imwite mchuuzi mbele ya wanachama na kumuuliza haya. Andikeni majibu, naye asaini.

1. Ndani kuna mfumo endeshi gani, na ni toleo gani?
2. Nani anautunza, na mpaka mwaka gani ameahidi kuurekebisha?
3. Mashini inakula watisaa ngapi kwa siku, na inaishi siku ngapi bila jua?
4. Mtandao ukikatika mwezi mzima, hesabu zinabaki wapi?
5. Ikikwama usiku, inaanza upya yenyewe? Atuonyeshe: tukate umeme mara tano mbele yake.
6. Hesabu zetu zinakwenda ku kompyuta ya nani? Tunaweza kuzichukua zote bila kulipa?
7. Kampuni ikifunga, mashini itaendelea kupima?
8. Mu Kamina ao Lubumbashi, ni fundi gani anayeweza kuitengeneza, na vipuri vinatoka wapi?

Mchuuzi mwaminifu hatakasirika. Asipojua jibu la swali la kwanza, atafute na arudi. Akikataa kukata umeme mara tano, mmeshapata jibu.

Na kama hatununui?

Kutonunua ni uamuzi pia, na mara nyingi ni uamuzi mzuri. Kupima unyevu wa punje kuna njia ya chumvi ambayo kila nyumba inaweza. Chukua chupa safi iliyokauka, weka chumvi kavu kidogo, ongeza punje mpaka nusu ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha itulie dakika 15. Chumvi ikishikamana ku kioo cha chupa, mahindi yangali mabichi kwa kuhifadhi, unyevu unapita asilimia 15 hivi. Ikianguka chini yote, mko karibu na usalama, lakini anikeni tena siku moja kama jua lipo. Kupima mvua, chombo cha plastiki chenye milimita, kikiwekwa mahali pa wazi na kusomwa kila asubuhi saa ile ile, kinatoa hesabu za kuaminika miaka mingi. Chombo hicho hakina mfumo wa kufa.

Tena hata mashini nzuri inahitaji daftari. Tunashauri miezi mitatu ya kwanza mtunza depo aandike kwa mkono na mashini iandike kwake, halafu kila wiki kamati ilinganishe. Hesabu zikitofautiana, fungueni mfuko, fanyeni jaribio la chumvi, mjue nani anasema kweli. Hivyo mashini inapewa heshima yake baada ya kuistahili, kama mfanyakazi mpya.

Kooperative moja ya upande wetu iko na pendekezo mezani sasa, na makuta yanayoombwa ni hisa za mwaka mzima. Itaamua kabla ya mavuno. Kama na ninyi mko mu hali hiyo, someni maswali nane ku mkutano mkuu, kwa Kiluba na kwa Kiswahili, mama na vijana wakiwepo, kwa sababu mu depo nyingi njo wao wanaoshika ufunguo. Majibu ya mchuuzi yabandikwe ku mlango wa depo, kila mwanachama ayaone. Monita wenu wa karibu anaweza kukaa nanyi siku hiyo ya kukata umeme mara tano. Leteni taa, daftari, na chupa moja ya chumvi.